Msiba wa Mwandishi wa Maharage

Kwa miaka miwili Blandina aliandika blogu ya mapishi yenye msomaji mmoja, na msomaji huyo alikuwa Blandina mwenyewe. Alikuwa mpishi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Morningside, Durban, mzaliwa wa Muheza, mtu asiye na maneno mengi, lakini akianza kuandika hashikiki. Wenzake wa kwaya walimbonyezea like kila alipochapisha, kisha wakaendelea na mambo yao. Jambo hilo lilimuuma sana. Akajiapiza kwamba blogu ikitimiza miaka miwili bila mtu kuisoma, anaifunga.

Siku ikafika, Jumamosi. Akasema basi, angalau aage kwa heshima. Kwenye simu akatafuta mapambo ya picha, akachagua yaliyompendeza kuliko yote: sura yake kwa rangi nyeusi na nyeupe, maua meupe pembeni, mshumaa chini. Akaandika, "Asanteni kwa safari yetu. Kwaherini." Akaituma Facebook, Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Bando likaisha hapo hapo, naye akapanda taxi kwenda kazini, roho kwatu.

Sasa, yeyote aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Durban anajua picha ya namna hiyo maana yake nini. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja aliidaka, akaongeza vikatuni vya machozi, akaibandika kwake. Kufikia saa sita mchana wafuasi wa Blandina walikuwa wamepita elfu nne, wengine wako Lubumbashi huko na hawamjui kabisa.

Aliporudi nyumbani Glenwood alasiri alikuta turubai uani, viti vya kukodi, na masufuria yanachemka. Julienne, Mkongo aliyepanga naye nyumba moja, ndiye aliyemwona kwanza. Mwiko ukamdondoka.

"Yesu! Iko muzima!"

Watu wakainuka, wengine wakakimbilia getini. Papa Baudouin, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa mbele na kipaza sauti, ndiye peke yake aliyebaki na akili zake, au ndivyo alivyodhani.

"Eish, mama Blandina," akasema. "Tunashukuru Mungu. Lakini tuko katikati ya programme, na viti ni mpaka saa kumi na mbili. Kaa, tumalize."

Blandina, maskini, akakaa. Mstari wa nyuma kabisa.

Wasifu wa marehemu hakuna aliyekuwa nao, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Kwa hiyo Papa Baudouin alikuwa anasoma blogu, yote, tangu mwanzo. Akasoma jinsi mama yake Blandina alivyopepeta maharage huku anasengenya majirani, watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Blandina naye akajikuta analia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha. Kwenye maharage ya nazi, msomaji akaruka mstari.

"Tui zito linaingia mwisho, kaka!" Blandina akapaza sauti.

"Marehemu asikatize," akasema Papa Baudouin, akaendelea.

Programme ilipokwisha, Julienne alimletea sahani, macho ameyainamisha.

"Ya Blandina, dada yangu, unisamehe. Mimi nilikuwaka nabonyeza like tu, sikusomaka hata moja. Leo ndiyo nimesoma ile ya maharage, nikapika vile vile uliandika."

Blandina akaonja. Akatafuna polepole.

"Mbona haina chumvi?"

"Uliandika nusu kijiko."

"Kwa sufuria yote hii?"

Julienne akamwonyesha simu. Kweli, maharage kilo mbili, chumvi nusu kijiko. Ilikuwa pale miaka miwili, na hakuna mtu duniani aliyewahi kulalamika.

Blandina akamnyang'anya ile simu, akafungua blogu yake, akasahihisha: vijiko vitatu. Habari ya kwamba hajafa alikumbuka kuitangaza Jumatatu.