Kenge Niliyemlisha

Nikuambie mapema kwamba mimi sijui kutunga. Insha ya kubuni shuleni ilinishinda mpaka mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu, "Huna mawazo?" Haya ninayokuandikia sikuyawaza. Yalinipata, na nilikuwa nikiyaandika kwenye daftari langu siku ileile yalipotokea, mengine kwa haraka mpaka leo nashindwa kuyasoma vizuri. Kuna binti wa umri wangu ambaye uzima wake ulikuwa mikononi mwangu, na mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijua.

Nilikuwa kidato cha pili, nakaa Kihesa, Iringa, kwa shangazi yangu, dada yake baba. Ni mwaka jana, mwaka wa njaa, tulipokula ugali wa unga wa njano, ule watu waliouita unga wa yanga. Uani kwa shangazi alipanga mzee mmoja wa Mbeya aliyeuza dawa za miti shamba sokoni Mlandege. Sisi tulimwita Dokta. Kila Jumamosi alitandika turubai, akapanga mizizi na chupa zake, kisha akamtembeza kenge wake juu ya turubai mpaka watu wajae. Bila shaka umewahi kuwaona watu wa namna hiyo. Sokoni alikuwa mtu wa kuchekesha. Lakini jioni wagonjwa wenyewe walikuja uani wamejifunika, na alipowatibu sisi tuliambiwa tukae jikoni na mlango tufunge.

Mwezi wa sita, baridi imekaza, Dokta akasafiri kwenda kwao kuchimba dawa. Nilikuwa nafua pale pembeni alipompa shangazi ufunguo.

"Chumba kifagiliwe tu, mama. Lile sanduku lisiguswe."

"Kuna nini humo?"

"Kazi ya watu."

"Haya," shangazi akasema. "Kazi ya watu ikianza kunuka naitupa shimoni, usije ukanilaumu."

Basi, hayo tu. Hakusema kilichomo kisilishwe. Nimelifikiria sana hilo, nikitafuta pa kujifichia.

Siku ya nne nilikuwa nafagia chumba chake nikasikia kitu kinakwaruza, polepole, kama mtu anayeandika kwa kucha. Lilikuwa sanduku la mbao nyepesi, yale yanayopakiwa majani ya chai, limepigwa misumari miwili. Nikabandua kifuniko kwa kisu cha jikoni.

Alikuwa yule kenge wa sokoni, ambaye kwa wiki kadhaa hakutembezwa, mifupa mitupu. Macho yameganda kwa uchafu. Ngozi yake ya zamani ilishindwa kutoka, ikamkaza vidoleni kama uzi, na vidole viwili vya mguu wa mbele vilishakuwa vyeusi. Hapakuwa na maji humo ndani wala punje ya chakula. Alijaribu kunipiga kwa mkia, mkia ukaanguka tu.

Ungefanya nini wewe? Nakuuliza kweli.

Niseme pia kwamba sikuwa na rafiki. Darasani nilijibu "nipo" kwa sauti ndogo hata mara mbili niliandikwa mtoro huku nimekaa dawati la mbele. Hapa nimepata kiumbe kisichohitaji niongee. Mwalimu wa baiolojia alishatufundisha kwamba wanyama hawa damu yao hufuata joto la nje, kwa hiyo mchana nilimweka juu ya bati jua likiwaka, na jioni nilimlaza jikoni karibu na jiko la mkaa. Nilimfuta macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Nilimdondoshea maji mdomoni kwa kijiko, baadaye ute wa yai, baadaye yai zima, na maganda yake nikayasaga nikamchanganyia ili mifupa ikaze. Wiki ya pili alikuwa ananyanyua kichwa akisikia hatua zangu.

Shangazi aligundua kwa sababu ya mayai.

"We mtoto, kuku wangu wameacha kutaga au wewe umeanza kutagia wengine?"

Nikamwonyesha. Akamtazama muda mrefu, kitenge kimemziba pua.

"Mwenyewe akirudi utajieleza, mimi simo. Na wachumba wakija tutawaambia binti ameshaolewa na kenge."

Basi sikiliza. Ili mayai ya shangazi yasiishe, nikaanza kumtafutia kenge panzi. Panzi wa Kihesa huwezi kuwakamata mchana, lakini asubuhi ya baridi wamekakamaa kwenye majani, unawaokota kama maharage. Saa moja asubuhi ya Jumapili nilikuwa bondeni na kopo langu, ukungu umejaa, nikaona binti amesimama hatua chache mbele yangu. Amejifunga kaniki nyeusi, miguu mitupu.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe, kama tunavyosalimiana huku.

Akasema kwa Kiswahili cha watu wa kaskazini, "Jana umempa mayai mawili. Dada, usimpe tena."

"Nani?"

"Akishiba yeye, mimi kifua kinabana."

Akaanza kukohoa, kikohozi kirefu, akainama. Nikageuka kuweka kopo chini ili nimshike. Niliporudisha macho hakuwapo. Nikasogea pale aliposimama. Majani yote yalikuwa na umande, kila jani na tone lake, hakuna lililokanyagwa. Niamini, niliyaangalia kwa makini, kwa sababu nilitaka sana yawe yamekanyagwa.

Nilijiambia ni mtoto wa jirani ananichungulia. Nikaenda nyumbani nikamlisha kenge panzi ishirini.

Siku chache baadaye ile ngozi ya zamani ikakubali kutoka. Nilimlowesha kwenye karai jioni nzima, nikaivuta kidogo kidogo kwa vidole, na vile vidole vyake viwili vyeusi vikavua ngozi kama soksi. Chini yake vilikuwa hai, na rangi yake imerudi. Nililia kwa furaha, sina aibu kusema.

Kesho yake mchana nilikuwa kwenye foleni ya bomba, jua kali, akina mama wanapiga soga. Yule binti akawa amesimama karibu na ndoo yangu. Mashavu yamebonyea. Hakuna aliyemsalimu, na mama mmoja alipitisha ndoo mahali pale alipokuwa kana kwamba pana hewa tu. Akaninyooshea mkono. Vidole viwili vilikuwa vimekazwa na ngozi kavu yenye magamba, na ncha zake nyeusi.

"Umemvua wewe, nimevaa mimi," akasema. "Naitwa Minza. Mama yangu yuko Ubaruku. Nihurumie na mimi."

Nilikimbia nikaacha ndoo.

Siku mbili sikumpa kenge kitu. Siku ya tatu alitambaa mpaka nilipokaa, akaweka kidevu chake juu ya kiganja changu, akatulia. Nilimpa yai. Naandika wazi kwa sababu daftari hili sikulinunua nilidanganye. Nilikuwa nimeambiwa, na nikampa.

Dokta alirudi mwishoni mwa mwezi wa saba. Alimkuta kenge amejinyoosha juu ya bati, mnene, anang'aa. Akaweka mzigo wake chini, akakaa juu yake.

"Nani kamlisha?"

"Mimi, babu. Alikuwa anakufa."

"Alitakiwa afe, binti." Hakunifokea, na afadhali angenifokea. "Kuna mtoto wa watu Ubaruku, wale waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Anaumwa kifua. Nilimtoa ugonjwa nikaufungia humu ndani ya kenge. Mnyama akikonda, ugonjwa unakonda. Mnyama akifa kwa njaa, mtoto anaamka. Zilikuwa zimebaki siku chache. Mimi nilikaa Mbeya nikizihesabu."

"Minza," nikasema.

Akanitazama. "Jina umelitoa wapi?"

"Nimekutana naye. Hapa bondeni, na bombani."

"Huyo hajanyanyuka kitandani tangu mavuno ya mpunga," Dokta akasema, na nikaona mikono yake imeanza kutafuta kitu cha kushika. "Sasa njaa haitafaa tena. Mkono uliomlisha ndio utakaommaliza. Wangu hauwezi. Fanya leo, kisha unionyeshe ulipomzika."

Nilimbeba ndani ya kapu, nikachukua na panga. Nilitembea mpaka mto Ruaha Mdogo. Nikamweka juu ya jiwe, naye akageuza shingo akanitazama akidhani nimeleta chakula. Nilisimama pale mpaka jua likakaribia kuzama. Kisha nikamsukuma kwenye maji, akaogelea, akaingia kwenye matete.

Nilimwonyesha Dokta tuta bichi nyuma ya choo. Ndani yake nilikuwa nimezika gunzi lililofungwa kitambaa. Aliliangalia tuta, akanishika kichwa, akasema, "Umefanya kazi ya mtu mzima." Kesho yake alipanda basi kwenda Ubaruku kuwaambia kwamba kazi imekwisha.

Wakamwamini. Wangeachaje kumwamini?

Likizo ya Desemba shangazi alikwenda Ubaruku kumsalimia shoga yake aliyeolewa huko, nami nikamng'ang'ania mpaka akanichukua. Kuuliza nyumba haikuwa shida. Mama yake Minza alinikaribisha, akanipa kigoda na maziwa. Akaniambia walikuwa wakimpeleka mtoto hospitali kila mwezi, lakini tangu Dokta alete habari njema waliacha, maana ugonjwa umekufa na kuzikwa, sasa wanasubiri nguvu zirudi tu.

"Ila hali chakula," akasema. "Tangu juzi hata uji hajagusa."

Akaniingiza ndani. Alikuwa yeye. Kaniki ileile, vidole vilevile viwili. Alinitambua, akanipungia niiname. Nikaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Leo kala samaki," akaninong'oneza. "Wawili."

Pumzi yake ilinuka samaki mbichi.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu, amefurahi kwamba binti yake amepata wa kuongea naye. Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: mrudisheni hospitali, kenge hajafa, nilidanganya. Nilifungua mdomo. Ikatoka ile sauti yangu ya darasani, ambayo hakuna aisikiaye. "Unasemaje, mwanangu?" mama akauliza. Nikasema nashukuru kwa maziwa.

Nimeandika barua mbili tangu nirudi Kihesa. Ya kwanza niliichana. Ya pili nimemwachia shangazi juu ya kitanda chake asubuhi hii, imeeleza yote, na nimemwomba aipeleke Ubaruku yeye mwenyewe, maana mama Minza hasomi. Labda hospitali itafanya kitu. Mimi simwambii mtu kwamba itafanya.

Kila Jumamosi naenda mtoni na panga. Wiki sita sikuona kitu. Jumamosi iliyopita alikuwa juu ya jiwe lilelile, ameshakuwa mkubwa, mkia peke yake unazidi mkono wangu. Kenge yeyote anamkimbia mtu. Huyu alishuka akaja mpaka miguuni pangu, akaninyanyulia kichwa akasubiri. Shingo yake ilikuwa karibu na panga kama shingo ya kuku. Nilihesabu mpaka kumi. Nikahesabu tena.

Nilirudi nyumbani na panga safi, na yai lililokuwa mfukoni halikuwapo tena.

Wewe unayesoma, pengine una moyo mwepesi kama wangu na watu wanakusifia kwa huo moyo. Ukikuta kwa mganga kiumbe kinanyimwa chakula, usikipe hata tone la maji kabla hujamuuliza mwenyewe ni nani amelala upande wa pili. Uliza kwa sauti, usikike. Ukishakipa mara moja utakipenda, na ukishakipenda hakuna panga litakalokusaidia.