Wanga Ndio Adui Yako

Daktari aliniambia kwa mdomo wake kwamba wanga ndio adui yangu.

Si mganga. Si shangazi mwenye kinyongo. Daktari wa hospitali, koti jeupe, kipimo shingoni, mchana kweupe.

Najua kuna watakaosema naongopa. Someni kwanza, matusi mtayaweka mwishoni.

Mimi ni dereva wa kreni, zile ndefu za kujengea maghorofa. Shule niliiacha njiani, kazi nimejifunza kwa kutazama mikono ya aliyenitangulia. Kule juu kuna kibanda cha vioo kinachomtosha mtu mmoja na chupa yake ya maji. Tangu mke wangu atutoke, ndipo mahali pekee ninapopumua. Kule hakuna wa kunipa pole, wala wa kuniuliza nimekula nini.

Kufika huko unapanda ngazi ya chuma. Kila ukipanda kidogo unakuta sakafu ndogo yenye tundu. Unapenya, unapumzika, unaendelea.

Asubuhi moja sikupenya.

Kichwa kimeshapita, miguu inaning'inia, tumbo limekataa kuchagua upande. Walinishusha kwa kamba kama gunia la saruji, na tangu siku hiyo vijana wa pale kazini wakaniita Kizibo.

Akaja bwana usalama. Kijana wa ofisini, kofia yake ngumu haijawahi kupata hata mkwaruzo. Akanisimamisha juu ya mizani mbele ya watu wote. Mshale ukafika kilo mia, ukapita bila kusalimia. Akasema kuna sheria mpya, aliyezidi mia hapandi. Nikamuuliza imetoka wapi.

"Imetoka juu, mzee."

Juu. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nafanya kazi juu, na sikuwahi kumwona anayetunga sheria huko.

Nikapewa ufagio na funguo za geti. Kreni yangu akapewa mwingine aliyekuwa akiipeleka kama anaogopa kuiamsha. Bwana usalama akasema ananivumilia mpaka jengo lifikie paa. Likifika paa bado nimezidi, kreni nisahau, nizoee ufagio.

Sheria hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali.

Na mnielewe nilivyoingia pale. Ni hospitali ileile iliyompokea mke wangu akitembea kwa miguu yake, wakanirudishia akiwa amefunikwa shuka. Walisema sukari. Walisema na mengine marefu marefu, nikaitikia kwa kichwa kama mbuzi. Mtu mkubwa akizungumza, mdogo anaitikia. Tukazika.

Daktari alikuwa na barakoa usoni na macho kwenye kompyuta. Akaniambia nifuate keto. Neno lile likapita kama gari la wakubwa, nikabaki na vumbi. Akasema nile mayai, nyama, samaki, parachichi, mboga za majani, na mafuta nisiyaogope.

Kisha akasema lile neno.

"Wanga ndio adui yako, mzee. Achana nao kabisa."

Wanga ninaowajua mimi ni wachawi, wale wa usiku. Nikasogeza kiti, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ana hakika.

"Nikikutazama tu najua," akasema. "Na wala usiwatafute wachawi mbali. Tatizo linaanzia nyumbani, jikoni kwako. Haya, mwingine aingie."

Nikatoka.

Jikoni kwangu alikuwepo mtu mmoja tu. Shemeji.

Shemeji ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Alikuja msibani na begi moja, watu walipotawanyika yeye akabaki. Nyuma ya nyumba akajenga tanuri, akawa anaoka mikate na kuiuza kwenye meza mbele ya geti letu. Mtaa mzima ulinunua kwake. Na mimi alinipikia. Asubuhi uji na mkate wa moto, mchana viazi, jioni wali. Mtu mwenye uchungu hashibi, nikawa nakula mpaka sahani inaona haya.

Utani wetu haukuwa na mwisho. Nikiomba kuongezewa, ananiambia niache kidogo na cha panya, nao ni wapangaji. Nikimwambia mikate yake imepungua ukubwa, ananiambia si mikate iliyopungua, ni mdomo ulioongezeka. Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye.

Lakini njiani kutoka hospitali kichwa kilianza kupiga hesabu zake. Dada mtu kafa, yeye yupo. Mimi nimevimba, yeye yupo. Na chakula chote kinapita mikononi mwake.

Nilimkuta anapakua wali. Nikamwambia nimetoka kwa daktari. Akauliza amesemaje.

"Kasema wanga."

Upawa ukasimama hewani.

"Kasema ule nini?"

Nikamtajia. Mayai, nyama, samaki, parachichi, majani. Nikamwambia, kwa anavyonitazama, naona hata yeye anajua kwa nini nimetajiwa vyakula hivyo. Ndivyo ambavyo wanga hawaviwezi.

Alinitazama muda mrefu. Nikadhani atacheka, kwa sababu mdomo ulianza kama wa mtu anayetaka kucheka. Halafu ukajifunga. Akaurudisha wali kwenye sufuria, punje kwa punje.

"Kama umeshanijua," akasema, "basi umenijua."

Sasa niambieni. Wewe ungeelewa nini hapo?

Siku hiyohiyo nikahamishia jiko dogo chumbani kwangu. Kila kilichotoka mikononi mwake nikakikataa: wali, mkate, uji, viazi, hata chai yenye sukari yake. Nikawa nachemsha mayai mwenyewe na mlango nimeukomea. Parachichi nalikagua ganda kama askari anayekagua kitambulisho.

Jamani, zile siku za mwanzo.

Kichwa kiliniuma kama kuna fundi anagonga bati ndani. Miguu ikakaza misuli. Mdomo ukanuka chuma, ngazi ya sakafu mbili ikanitoa jasho. Nikiona mkate kwenye meza ya Shemeji, mate yananijaa kama mtoto. Nikafagia geti huku natetemeka, na vijana wananipigia kelele kwamba Kizibo sasa kinavuja.

Mtu mwingine angerudi kula. Mimi nilisema hapana, hao ni wanga wanatapatapa. Wamenyimwa njia, wanapiga milango. Kaza, mwanaume.

Na kweli, baada ya muda kichwa kikatulia. Mkanda ukaanza kulegea. Nikatoboa tundu jipya, nikatoboa jingine.

Huo si ushahidi? Nimemkimbia mchawi, mwili unapona. Hata hakimu angefunga jalada.

Kosa ni kwamba nilimwambia fundi viatu. Ni jirani yangu, kibanda chake kinatazamana na geti langu. Nilimwambia kwa siri, na yeye akaitunza siri kama ndoo iliyotoboka inavyotunza maji. Nikamwambia si mimi niliyesema, ni daktari. Hapo ndipo mtaa mzima ulipoamini. Neno la mganga watu hubishana nalo. La daktari hapana.

Wateja wa mikate wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mama mmoja alimnyang'anya mtoto wake mkate mdomoni, akautupa mtaroni mbele ya Shemeji. Mikate ikabaki mezani mpaka ikawa migumu kama matofali. Shemeji hakujibu mtu. Siku moja akafunga begi lake lilelile la msibani, akahamia chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya magari. Hakuniaga. Nami sikumzuia, nilikuwa nakaanga samaki.

Jengo likakaribia paa. Bwana usalama akanileta kwenye mizani, mshale ukasimama chini ya mia na kukaa kimya. Akasema bado nipate neno la daktari kwamba ni mzima, sheria imetoka juu. Sikubishana. Nikarudi hospitali kifua mbele.

Daktari yuleyule. Safari hii aliinua macho.

"Hongera sana, mzee. Wachache wanaweza. Kwani ulikuwa unakula wanga mwingi?"

Nikamwambia, daktari, wanga ndio hula watu. Sijawahi kusikia mtu anayekula wanga.

Akashusha barakoa. Akacheka. Alikuwa kijana kabisa, ningeweza hata kumzaa.

"Wanga, mzee. Wali, mkate, viazi, uji. Kile kinachotia nguvu kwenye chakula. Si ndicho ulichoacha?"

Nikamuuliza mbona siku ile hakusema mkate. Mbona alisema wachawi wako jikoni kwangu.

"Ule ulikuwa msemo tu," akasema. "Na wanga nilidhani kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Hilo ndilo neno lao. Hao ndio wale wanaokaa huko juu wakigawa majina, wakaona mkate na mchawi watoshe kwenye jina moja, kisha wakarudi kunywa chai. Wakadhani kila mtu anajua. Nilichukua karatasi yangu ya uzima nikatoka, maana ningemjibu wangeniitia walinzi.

Sikwenda kwenye kreni. Nilikwenda karakana.

Shemeji alikuwa anakanda unga kwenye beseni, mlango wazi. Hakusimama. Nami nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakatoka haya:

"Shemeji, wanga ni mkate."

"Najua," akasema.

Nikauliza amejua lini.

"Siku ileile. Ulipotaja mayai na parachichi nikajua. Mdogo wangu alitajiwa hayohayo, chumba hichohicho, mimi nimemshika mkono, wewe uko juu kwenye kreni."

Nikahisi hasira zinanipanda, na sikujua ni za nani. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, akaniacha nimwite mchawi, akaacha mtaa umtemee mate. Neno moja tu lingetosha.

Aligeuza donge la unga, akaliponda, akaligeuza tena.

"Yeye nilimwambia neno hilo moja, kila siku kwa simu. Nikamwambia ni wali, ni mkate, ni uji. Akasema sawa dada, jioni akala. Kesho akasema sawa, akala. Alisema hawezi kumpikia mume wali yeye akatafuna majani. Nikamwambia mpaka siku tuliyomzika. Sasa wewe ningekwambia ni mkate, ungeacha?"

Nikaushika mkanda wangu wenye matundu mapya.

"Ulipodhani ni mimi, uliacha siku hiyohiyo."

Gari lilikuwa linagongwagongwa upande wa pili wa ukuta. Nilisimama pale kama mzigo uliosahauliwa kwenye ndoano.

Nikamwomba arudi nyumbani. Akacheka sasa, kile kicheko alichokimeza siku ile.

"Nirudi nikuwangie nini tena, shemeji? Umebaki mifupa. Nenda kwanza ukanivue jina. Wewe ndiye uliyenivika."

Nikaenda.

Nilianza kwa fundi viatu, maana ndiye mdomo wa mtaa. Alinisikiliza huku misumari iko midomoni. Nikamweleza yote, kwamba wanga wa daktari si watu, ni chakula, kwamba mimi ndiye sikuelewa, na kwamba nimepungua kwa sababu ya keto. Akatema misumari kiganjani. Akanitazama kuanzia shingo mpaka kwenye mkanda na matundu yake mapya.

"Huyo Keto naye ni mwenzake?"

Nikaanza upya, taratibu. Akanishika bega kwa huruma kabisa.

"Jirani, ulikuwa mtu wa haja wewe. Leo shati linakupepea kama bendera. Halafu mtu aliyekufanya hivi, wewe ndiye unamtetea. Huoni kwamba ameshakumaliza?"

Nikaenda nyumba ya pili. Ya tatu. Yule mama wa mkate wa mtaroni alinifungulia mlango, akanitazama mashavu, akaanza kulia. Akasema ataniombea.

Hakuna aliyekubali. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyotikisa vichwa.

Kreni nimerudishiwa. Napenya tundu mpaka nafasi inabaki. Bwana usalama anawaonyesha wageni mimi ni mfano wa kuigwa, na jina la Kizibo limekufa. Kila kitu nilichokitaka nimepewa.

Shemeji bado yuko nyuma ya karakana. Mikate yake anaibeba kichwani mpaka mitaa ambayo haijasikia habari zake, na kila mara habari humfuata. Nikimpelekea samaki anapokea, ananitania kidogo, ananiuliza nimefikia nyumba ya ngapi.

Kila kilo ninayopungua ni shahidi dhidi yake. Nikinenepa, naikosa kreni. Nikikonda, wanamnyooshea kidole. Hakuna mwili ninaoweza kuuvaa ukamsafisha huyu mwanamke.

Funzo langu halihusu chakula, chakula mtaulizana wenyewe. Ukitajiwa adui, kabla hujamtafuta ndani ya nyumba yako, rudi kwa aliyekutajia umuulize: unamaanisha nani? Muulize hata kama anaita mwingine aingie. Muulize hata kama utaonekana mshamba.

Na nyie wenye makoti meupe, neno moja la ziada halikuwa na bei kwenu. Hamkuliongeza. Sasa analilipia muoka mikate.