Kidole Kisitangulie Macho

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, ambayo hadi leo nikiifikiria nashusha pumzi na kumshukuru Mungu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mfagiaji katika uwanja wa kulenga shabaha huko nyuma ya Loresho, Nairobi. Jumapili wenye magari walikuja kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mtambo. Walitumia bunduki ya marisau, ile inayotawanya risasi ndogondogo kama punje za mtama. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini macho nilikuwa nayo, na mdomo pia. Nikamfuata fundi wa pale, Mzee Gurdeep, Singasinga wa ndevu nyeupe, nikamwambia hata mimi naweza.

Hakucheka. "Kina mama wanataka mwanamke wa kuwafundisha," akasema. "Ukijua, kazi ni yako. Lakini mwezi moja hakuna risasi."

Basi kila jioni, nikimaliza kufagia, ananipa bunduki tupu. Inua. Weka begani. Shavu lilale kwenye mti wa kitako. Fuata kisahani. Teremsha. Mara hamsini. Na kidole kinyooke ubavuni mwa bunduki, kisiguse triga mpaka macho yameona kisahani, na yameona hakuna mtu.

Mwende, rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja Kangemi, ndiye aliyepakia visahani kwenye mtambo, akiwa ndani ya shimo mbele yetu. Alinicheka sana. "We Syombua, unawinda nini hapo, mbu?"

Nikaona kweli huu ni upuzi. Nikawa nafanya mazoezi yangu chumbani na mti wa ufagio: begani, kidole, paa! Nilifanya sehemu tamu peke yake. Kufuata na kungoja nikaruka. Nilipomwonyesha Mzee, nilikuwa mwepesi kama paka aliyemwagiwa maji.

"Umefanya zoezi?" akaniuliza.

"Kila siku, Mzee. Mara mia!"

"Naona. Umejifunza kukosea, tena vizuri sana. Kidole yako inatangulia macho."

"Si bunduki ni tupu?"

Hapo nilijiwashia moto mwenyewe. "Wewe unajua ni tupu," akasema. "Mkono yako haijui." Akanirudisha mwanzo kabisa. Mwezi mwingine mzima! Nililia, sikufichi, nikamtukana kimoyomoyo kwa Kikamba. Lakini nilirudia, mara hii bila kuruka kitu, hadi bega likawa na alama.

Ikafika ile asubuhi ya kujaribiwa. Risasi za kweli, wenye magari wamekaa na chai yao wananitazama, Mwende yuko shimoni. Sheria ilikuwa moja: hatoki mtu shimoni mpaka bunduki ifunguliwe katikati. Katika visahani kumi nilivunja saba. Nikapaza sauti kuita cha kumi na moja. Mtambo ukakwama, ukatema kipande tu, kikapita chini karibu na majani. Bunduki ikakifuata. Na Mwende, aliyehesabu kumi akadhani nimemaliza, akasimama ili akwamue mtambo. Kitambaa chake chekundu kikaibuka palepale mdomo wa bunduki ulipokuwa ukielekea.

Kidole kilikuwa kimenyooka ubavuni. Wala sikukiambia.

Nikaelekeza bunduki juu, nikaifungua, nikatoa risasi, kisha nikakaa kwenye nyasi.

"Kwani hujamaliza?" Mwende akauliza.

"Rudi chini, punda wewe!" Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Mzee akachukua bunduki mkononi mwangu. Hakuuliza nimevunja vingapi. "Jumatatu saa mbili," akasema. "Uko na wanafunzi watatu."

Huyo Mwende ana wajukuu saba sasa. Juzi alikuwa kwangu analalamika chai haina sukari. Mwache alalamike. Kila akilalamika mimi nafurahi.

Ndiyo sababu sikukuhurumia uliponipigia simu kutoka mafunzoni kule Satellite kusema, "Shosho, wiki ya tatu hii na bunduki tupu, nimechoka." Najivunia sana kwamba umechaguliwa kuwa askari, majirani wote wameshanisikia hadi wamechoka. Lakini usiniletee habari ya kuchoka. Rudia, na urudie yote, hata ile sehemu isiyo na utamu, hata kama hakuna anayekutazama. Mkono hauna akili ya kuchagua. Unachoulisha kila siku ndicho utakachotapika siku ya hofu, na siku hiyo hutapewa nafasi ya kufikiri. Mwalimu akikurudisha mwanzo, lia kidogo, halafu rudi.

Mungu akulinde wewe, amlinde na kila atakayepita mbele yako. Akupe macho ya kuona mapema na mikono mitulivu. Na ukiwa bibi kizee kama mimi, ulale usingizi mzito, bila uso wa mtu kukujia ndotoni.