Kaa wa Nantia, Ghorofa ya Pili

Tarehe 14 Machi 2024 ofisi ya bweni moja la wanafunzi mjini Schoelcher, Martinique, kisiwa cha Ufaransa katika Karibi, ilimwandikia onyo Vernantia Hippolyte, raia wa Saint Lucia, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa jiografia, kwa kosa la kufuga wanyama chumbani. Wanyama wenyewe walikuwa kaa.

Nantia, kama anavyoitwa na kila mtu isipokuwa ofisi, hakukana. Aliwatega mwenyewe kwenye mikoko ya Lamentin, kwa masanduku ya mbao yenye mlango wa kuanguka, akawapandisha ghorofa ya pili ndani ya tenga la nguo chafu. Alipokosea ni kwenye kifuniko. Mtu mwingine yeyote kisiwani angeweka jiwe. Yeye aliweka atlasi, akidhani ni nzito ya kutosha. Kaa mkubwa kuliko wote aliisukuma, akatoka, akafuata korido mpaka jiko la pamoja, na huko akakutana na Solenn, mwanafunzi kutoka Ufaransa kwenyewe, aliyekuwa pekupeku akisubiri tambi zichemke. Yowe lilisikika mpaka kwenye maegesho ya magari.

"Alikuwa ananikodolea macho!" Solenn alisema, bado amesimama juu ya kiti.

"Na wewe ulikuwa unamkodolea," Nantia alijibu, akiinama kumkamata kwa nyuma. "Mmeshafahamiana basi. Shuka."

Kaa hao walikuwa na kazi moja tu: Jumatatu ya Pasaka. Siku hiyo Martinique nzima iko ufukweni, wengine wamepiga mahema tangu Ijumaa Kuu, na kila familia ina sufuria yake ya matoutou, yaani kaa wa nchi kavu na wali uliokolea viungo. Lakini kaa hatolewi matopeni leo akapikwa kesho. Huko matopeni amekula kila uchafu. Anafungiwa majuma mawili au zaidi, analishwa maembe, nazi, majani ya viazi vitamu na pilipili, mpaka tumbo lisafike na nyama ipate ladha. Anayeruka hatua hiyo hatukanwi. Sufuria yake haiguswi tu.

Chama cha wanafunzi wa jiografia nacho kina sufuria yake. Nantia hajakosa safari hata moja ya chama hicho tangu alipovuka na kivuko kutoka Castries, kwao Saint Lucia. Amepanda mlima Pelée kwenye mvua inayopiga usoni, ameoga katika mto Alma mpaka meno yakagongana, amecheza mitaani Fort-de-France wakati wa kanivali mpaka viatu vikaachia soli. Iliyomkaa rohoni ni safari ya Pasaka ya mwaka uliopita. Aliposogea kusaidia kukoroga, mwenyekiti wa chama, Rodrigue Lagrandcourt, alimpokonya mwiko.

"Tulia, dada. Wageni kazi yenu sahani."

Watu walicheka. Nantia pia alicheka, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia wote: "Mwakani sufuria ya chama ni yangu. Na wewe Rodrigue utapanga foleni."

"Nitapanga. Tena nitakuja na daktari."

Mkuu wa bweni, Bi Mirette Sainte-Rose, si mtu wa kelele. Kesho yake baada ya onyo alimwita Nantia ofisini, akampa kiti, akamweleza kwamba sheria ni moja kwa paka, mbwa na kaa.

"Nina wasichana tele humu, mwanangu. Kila mmoja akileta kitoweo chake kikiwa hai, tutafika wapi?"

"Na wako wako wapi, Bi Mirette?"

"Wangu nini?"

"Kaa wako wa Pasaka."

Bi Mirette alivua miwani. "Wako nyumbani. Uani."

"Mimi uani sina. Ningekuwa na ua, wangekuwa uani."

"Usinifanyie uwakili hapa. Wewe unasoma jiografia."

Kisha akamwekea mambo mezani. Awatoe kaa siku hiyohiyo, aandike mistari miwili ya kuomba radhi, na onyo litachanwa. Akikataa, suala linakwenda kwenye kamati ya bweni, na kamati inaweza kumnyima chumba mwaka ujao.

Nantia alijua uzito wa neno hilo. Vyumba vya mjini vimechukuliwa na watalii. Mwanafunzi wa kutoka ng'ambo asiye na chumba hana anwani, na asiye na anwani haongezewi kibali cha kukaa. Kilichokuwa hatarini kilikuwa mwaka wake wa tatu, na shahada yenyewe.

Alipanda ghorofani, akalitoa tenga kwenye kona ya chumba, akalipeleka roshani, mahali ambapo yeyote anayeegesha gari angeliona. Safari hii alilifunga kwa kamba na kuweka jiwe juu.

Habari zilimfikia Rodrigue, akamfuata Nantia kantini na suluhisho kabla hajaweka trei chini.

"Wape mama yangu. Ana banda zima la kaa, wako hawatajaza hata pembe. Jumatatu unawachukua."

"Halafu ufukweni watu watasema sufuria ya nani?"

Rodrigue alikuna kichwa. "Si watasema yetu sote."

"Watasema ya Mama Lagrandcourt. Na watakuwa wamesema kweli, maana yeye ndiye atakuwa amewalisha."

"Nantia, unafukuzwa bwenini kwa ajili ya kaa!"

"Nikifukuzwa nitafukuzwa. Lakini kuomba radhi kwa jambo linalofanywa na kila nyumba ya kisiwa hiki? Wewe mama yako amemwomba nani radhi?"

"Una kichwa kigumu kuliko gamba lao."

"Ndiyo maana mimi na wao tunaelewana."

Wito wa kamati ulipitishwa chini ya mlango wake wiki iliyofuata. Nantia aliusoma amesimama, akautia mfukoni, akaenda kumenya maembe. Solenn alikuja roshani jioni hiyo, safari hii amevaa viatu. Alisema yeye alilalamikia vidole vyake vya miguu tu, hakutaka mtu anyang'anywe chumba. Mkononi alikuwa na mabaki ya saladi.

"Naweza kuwapa?"

"Ya kantini?"

"Ndiyo."

"Usithubutu. Nyama itanuka kantini."

Jumatatu ya Pasaka, tarehe mosi Aprili, ufukwe wa Sainte-Anne ulijaa kuanzia maji mpaka barabarani. Nantia alifika mapema na basi, tenga mapajani. Aliwasugua kaa kwa brashi, akawakata, akakaanga kitunguu saumu na majani ya kitunguu, akatia bizari, thaimu na ndimu. Mwiko hakumpa mtu. Sufuria ilipofunuliwa, foleni ilikwenda mpaka hema la jirani, na Rodrigue alikuwa ndani yake, ameshika sahani kwa mikono miwili kama mtoto wa shule.

"Daktari yuko wapi?" Nantia alimuuliza.

"Ana zamu. Pakua."

Mama yake Rodrigue ndiye aliyesubiriwa. Mama Lagrandcourt alivunja gando, akanusa, akafyonza.

"Umewalisha nini?"

"Maembe na nazi. Mwishoni pilipili."

"Nyingi kuliko zangu," alisema, akanyoosha sahani tena.

Bi Mirette naye alitokea upande wa pili wa miti ya ufukweni, kutoka hema la dada zake, amevaa kofia pana, sahani mkononi. Watu walimpisha. Nantia alimpakulia, naye akala amesimama mpaka gamba likabaki tupu.

"Kikao kiko palepale," alisema.

"Najua. Nikuongezee?"

"Niongezee. Na radhi je?"

"Radhi hakuna, Bi Mirette. Kaa wapo."

Bi Mirette alipokea sahani, akarudi kwa dada zake.

Kamati ya bweni itakaa Alhamisi, tarehe 11 Aprili, saa tisa alasiri, na Bi Mirette ndiye atakayeiongoza. Nantia atakwenda peke yake, na hajaandika ile mistari miwili ya radhi.