Maua ya Shaba Pembeni ya Nyumba Yangu

Hapana, sikukuwa mulevi! Niling'oa ile maua na akili yangu yote. Huku Musonoi kila mama anajua: pa kuota maua ya shaba, chini kuko shaba, na kesho ba mine banakuja kukufukuza, bachimbe. Miye balishanibomolea nyumba moja. Basi nilipoiona imejipanga pembeni ya nyumba mupya yenye balinipa, niling'oa yote, nikachoma, nikacheza juu ya majivu.

Agronome, ule fundi wa mimea wa kampuni, akafika, anaongea mu pua sawa mukubwa: "Mamaa, maua yetu iko wapi?"

"Nilichoma! Munataka nihame tena?"

Akaangalia majivu, ile sauti ya pua ikamwisha.

"Mama, tuliipanda siye, iponeshe udongo yenye usine ya kuyeyusha shaba iliharibu na sumu, mubakie hapa. Shaba ya kuchimba hakuna. Sasa udongo haitapona, njo utahama."