Umeme Uliochokea Njiani

Mume wangu Bonaventura anaujua umeme, na sisemi hivyo kwa kuwa ananilisha. Kuanzia Buzebazeba hadi Bangwe, feni ikizunguka kivivu au taa ikififia, anaitwa yeye. Ugonjwa wenyewe anaueleza kwa maneno yale yale: "Umeme ni mpagazi wa bandarini Kibirizi. Mpe njia ndefu na nyembamba, halafu mzidishie mzigo, atafika hoi." Watu hucheka, kisha hununua waya mnene.

Nyumba moja tu ilimshinda: ya mama yangu, Yunisi, pale Bangwe.

Kwa miaka tisa friza ya mama ilikuwa ikinguruma na kugoma. Nayo inakaa chumbani kwake, pembeni ya kitanda, maana mama hamwamini mtu na samaki wake. Sasa mkwe akanyage chumba cha mama mkwe? Kwetu hakuna. Basi Bona akawa anaishia ukutani nje, kwenye Luku, pale umeme unapoingilia. Anapima, anakuta volti mia mbili ishirini na kitu, anatikisa kichwa. "Sasa hivi uko sawa, mama. Jioni ndiyo laini inachoka." Mama naye akawa anailaani laini, nguzo zake na waliozisimamisha.

Wiki ya harusi ya mdogo wangu Wema, friza ilijaa migebuka ya wageni wa Jumamosi. Alhamisi asubuhi nikakuta maji mekundu sakafuni na mama amekaa kitandani analia. Nilimpigia Bona simu kwa hasira ambayo sikujua kama ninayo.

"Leo hupimi nje tu," nikamwambia alipofika. "Nipe mita moja ya kupimia."

Alibaki na nyingine kwenye Luku. Mimi nikapima kwenye soketi ya chumbani kama alivyonifundisha, jagi la umeme la chai likichemka na friza ikijikakamua iwake.

"Ngapi?" akauliza kupitia dirishani.

"Mia moja sitini na sita."

"Umeshika vibaya. Zima vyote, upime tena."

Nikazima. "Mia mbili ishirini na sita."

"Si unaona?"

"Nawasha," nikasema, na namba zikaporomoka tena.

Mama akafuta machozi. "Mkwe, huko nje ni ngapi?"

"Mia mbili ishirini na tano, mama."

"Na hapa mia sitini na sita. Kwa hiyo unachokea uani kwangu, siyo kwenye nguzo?"

Toka kwenye Luku hadi chumbani ni hatua themanini za waya, unaozunguka ukutani na kupita nyuma ya jiko. Aliyeuvuta ni Bona, mwezi ule aliokuja kuniposa, kwa waya wa taa uliobaki kazini. Siku ile nilisimama mlangoni nikaona hakuna fundi kama yule duniani. Waya sikuuangalia.

"Ni mimi, mama," akasema. "Waya ni mwembamba mno. Nilikuwa na haraka ya kuposa."

Niliona aibu kwa niaba yake, na nikampenda zaidi, vyote kwa pamoja.

Migebuka ilikuwa bado migumu katikati, tukaihifadhi kwa jirani. Bona akaenda nyumbani akarudi na roli la waya mnene aliloliweka kwa ajili ya nyumba yetu. Hakula mchana. Akazima umeme, akauvuta waya mpya hadi dirishani. Ndani nikafunga skrubu mimi, yeye akielekeza. Alasiri tukawasha friza, na jagi nalo tukaliwasha makusudi.

"Ngapi?"

"Mia mbili ishirini na moja."

"Rudia."

"Mia mbili ishirini na moja, Bona!"

Friza ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Mama akaipapasa ubavuni, kisha akasogea dirishani alikosimama mkwe wake, jasho likimtiririka.

"Ahsante, baba," akamwambia. "Sasa kamwambie bwana harusi wa Wema kwamba hapa kwangu hapigilii hata msumari mpaka ndoa ipite. Wanaume mkiwa mnaposa, hamwaminiki."