Mkaa ni wa Hapa

Mjukuu wangu Salha anaishi Guangzhou, ananunua vitambaa soko la Zhongda na kuvituma nyumbani. Mwezi uliopita alinileta nimwone anavyoishi. Siku ya pili nikafungua begi, nikatoa udi na chetezo changu cha udongo. Akanishika mkono.

"Bibi, usiwashe hapa. Mwenye nyumba akisikia harufu atanitoa, na chumba hiki nimekihangaikia."

Akanionyesha chetezo chake, cha umeme, kakificha chooni. Kinatoa harufu kidogo, kwa woga. Nikakaa kitandani nikacheka, na wewe kaa hapa nikwambie nilichekea nini.

Shule niliishia darasa la nne, lakini jina la mtu halijawahi kunipotea. Nilipokuja huku mara ya kwanza nilikuwa bado mbichi, nimeachika, watoto nimewaacha kwa mama yangu Tanga. Nilikuwa nanunua viatu na nguo Zhanxi, kule karibu na stesheni ya treni. Tulipanga wanawake wanne chumba kimoja, ghorofa ya saba, nyumba haina lifti. Tatu wa Pangani alikuwa mpishi wetu. Rukia wa Unguja, mdogo kuliko sote, aliokota Kichina madukani mpaka akawa ndiye mdomo wetu. Mama Neema wa Mwanza, Mkristo, alikoroma kama mashine ya kusaga. Mimi waliniita Mama Salim. Dukani hatukuwa na majina. Sote tulikuwa Feizhou, yaani Afrika, utadhani bara zima limeingia kuulizia bei ya kandambili.

Bado nazisikia asubuhi za pale. Matoroli yakigonga lami, wasukumaji wakifoka wapishwe njia, selotepu ikilia kraa kraa watu wakifunga mabunda. Mvuke wa mikate yao myeupe ulipanda hadi dirishani, ukakutana na samaki wa Tatu na wali wa nazi ya kopo. Nilipapenda pale. Hakuna aliyenipa ruhusa ya kupapenda, nilipapenda tu.

Basi siku moja Rukia akarudi analia. Alikuwa duka la viatu, anauliza bei. Alipogeuka kutoka, muuzaji akachukua kopo la marashi akapuliza pale pale aliposimama, na wenzake wakacheka.

"Ninanuka, Mama Salim?"

Mtoto wa Unguja, haendi hata sokoni bila kuoga, ananiuliza kama ananuka.

Asubuhi yake nikatoa chetezo. Kwetu mwanamke anayekwenda mbele za watu hufukiza nguo zake, na mimi chetezo hakikosi begini. Mkaa nilinunua kwa wachoma mishikaki wa Kiislamu, mtaa wa nyuma. Tukasimama kwa zamu juu ya moshi, magauni tumeyatandaza. Mama Neema naye akaja.

"Nifukize na mimi, lakini usinisilimishe."

Kosa letu lilikuwa kufungua mlango ili moshi utoke, kama tulivyozoea kwenye nyumba zenye ua. Haukuwa na pa kwenda, ukajaa korido nzima. Mlinzi akapanda mbio na mtungi wa kuzimia moto, akatumwagia ule unga wake: vitanda, mabunda, na sisi wenyewe. Tukabaki weupe toka utosini mpaka miguuni.

Mama Neema akajifuta macho. "Haya Rukia, twende dukani sasa. Leo hawakupulizii."

Kicheko hakikudumu. Mchana alikuja mwenye nyumba, Liang, akasema jua lisituzamie pale. Na pa kwenda hatukuwa napo. Tulipokuwa tunatafuta chumba, Rukia alikuwa akipiga simu kwa Kichina chake kitamu, anaambiwa chumba kipo. Tukifika na sura zetu, mei you, hakuna tena. Tulihangaika hivyo mtaa kwa mtaa kabla ya kupata hapo. Tatu akaanza kufunga mabunda, machozi yanamtoka.

"Fungua hayo," nikamwambia.

Nikachukua kigoda nikakaa mlangoni, chetezo kinafuka miguuni pangu. Mlango wa mbele yetu ulikuwa wa Bibi Chen, na sakafuni pale ana kikopo chake chekundu, anachoma vijiti vya ubani asubuhi na jioni kwa ajili ya mungu wake wa mlangoni. Moshi wake tulikuwa tunauvuta tangu tuhamie, na hatukuwahi kusema neno.

Liang aliporudi nikakinyooshea kidole kile kikopo.

"Rukia, muulize ule ni nini."

"Anasema ule ni mila."

"Mwambie na huu ni mila."

"Anasema wewe si wa hapa."

"Mwambie mkaa ni wa hapa."

Liang akatutazama. Halafu, ili asionekane ana sheria mbili, akainama azime vijiti vya Bibi Chen. Hapo ndipo alipokosea. Mlango ukafunguka, Bibi Chen akatoka na upawa mkononi, kimo chake kinanifikia kifuani, akamfokea Liang mpaka ngazini. Rukia alitafsiri neno la kwanza, mengine akaona haya. Liang akashuka, na habari ya moshi hakuitaja tena.

Usidhani tulipendana. Bibi Chen hakunitaka wala mimi sikumtaka. Lakini kila asubuhi yeye akiwasha vyake, mimi nawasha changu, tunatazamana, kila mtu anashika lake. Na Rukia alirudi lile duka ananukia udi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajaribu viatu vyote vya saizi yake. Hakununua hata kimoja.

Salha alinipeleka nikaione ile nyumba. Haipo. Pamesimama jumba la vioo, mlango unafunguka ukimtambua mtu uso. Vikopo vyekundu sikuviona. Tatu yuko kaburini Pangani. Mama Neema amepofuka, hunipigia simu, bado ananitania. Rukia sijui yuko wapi. Nikatazama juu, nikakisia palipokuwa na ghorofa ya saba. Liang alitutaka tutoke, na tulitoka siku tuliyotaka sisi.

Jioni ile nilimsimulia Salha yote, kila mtu kwa jina lake. Asubuhi alivaa aende Zhongda, akapita mlango wa choo bila kuingia, kile chetezo chake cha umeme hakukigusa, akaja akasimama mbele yangu.

"Bibi, mkaa mlikuwa mnanunua mtaa gani?"

Nikavaa viatu.